Daraja la kwa Tietjen

Ng'ambo ya Mto Wren,
9 Machi 1964

Mdogo wangu Arlo,

Nakuandikia kwa sababu simu yetu huku ni ya nyumba sita. Nikikupigia, kabla sijamaliza kukusalimu mama Pelster atakuwa ameshainua ya kwake asikilize, na kufika jioni Kaunti ya Corliss nzima itajua kwamba Lavonne Tietjen amempigia ndugu yake diwani kumlilia. Sitawapa raha hiyo.

Delmar wa kaunti alikuja na greda juzi kutuondolea theluji. Alipofika katikati ya daraja akasimama, akashuka, akachungulia chini ya mbao muda mrefu. Kisha akapanda tena, akarudi kinyumenyume mpaka alikotoka. Unamjua Delmar, hata fahali hamrudishi nyuma. Akaja mpaka mlangoni kwangu kwa miguu, akanywa kahawa vikombe viwili akinisimulia habari za ndama na za mvua ambayo haijanyesha. Alipokuwa anavaa kofia ndipo akasema nguzo za katikati zimeoza na itambidi awaambie nyinyi wa baraza. Aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyezitafuna.

Sasa nasikia mwezi ujao mtakaa muamue, litengenezwe au lifungwe. Arlo, likifungwa sisi tumekwisha. Njia itabaki ya kuzunguka dukani kwa Hollis, maili arobaini za mchanga, na theluji ikianguka barabara ile haipiti hata sungura. Orval wangu kifua kinambana kuliko mwaka jana. Daktari Lind anakuja kumwona kwa sababu ni karibu, na kwa maili arobaini hatakuja. Itabidi tuuze ng'ombe, tuuze nyumba, tuje kukaa mjini kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa mtu. Orval ukuta ule utamuua kabla ya kifua.

Madiwani mko watatu. Hadley Kinsler hajawahi kufunga hata mlango wa banda lake, sembuse daraja. Wewe ni damu yangu. Wawili mkiinua mikono, Sorensen na uenyekiti wake abaki na wa kwake mfukoni. Nakukumbusha hesabu tu.

Orval anakusalimu. Anasema nyundo yake irudi.

Dada yako,
Lavonne

•

Mjini Corliss,
14 Machi 1964

Dada Lavonne,

Nyundo nimempa mtu wa posta, mtaipata pamoja na barua hii. Hilo ndilo jepesi. Sasa nisikilize, na usiitupe barua motoni kabla hujaimaliza.

Daraja likitajwa, mimi nitatoka nje. Nitasimama koridoni mpaka wamalize. Unajua ndivyo tunavyofanya hapa jambo likigusa nyumba ya ndugu. Kinsler, barabara ya kwake ilipotajwa mwaka juzi, alitoka kabla karani Bernadine hajamaliza kusoma, akasimama koridoni na kofia kichwani akitazama picha za madiwani waliokufa. Baba naye alipokuwa kwenye kiti hiki alitoka, na lilikuwa suala la mtaro tu wa binamu yake. Kaunti hii ina ardhi ya kumeza falme na watu wasiojaza ukumbi wa shule. Kila mtu hapa ni shemeji ya mtu. Tusipokuwa tunatoka kwenda koridoni tutakulana.

Najua utasema koridoni hapajengi daraja. Kweli. Lakini watu hawa wananiamini na barabara zao na kodi zao, na imani hiyo sikuinunua, niliikuta kwa Baba. Siwezi kuitumia kwa ajili ya nyumba yetu, hata nikiona machozi yako.

Njoo wewe mwenyewe. Sorensen atauliza kama kuna mwenye neno, yeye huuliza kila mara, hata tunapojadili kununua ufagio. Hapo simama useme yote uliyoniandikia mimi, na huo ukuta pia. Kinsler atainama. Sorensen mgumu kidogo, lakini ana masikio.

Mpe Orval salamu. Mwambie asiende kulisha ng'ombe bila skafu.

Ndugu yako,
Arlo

•

Ng'ambo ya Mto Wren,
8 Aprili 1964

Arlo,

Limefungwa. Unajua, lakini nataka usome kwa mwandiko wangu.

Nilivaa kofia ya kanisani. Nilikaa mstari wa mbele, Orval kando yangu anahema. Ukumbi ulijaa. Gus Pelster na mkewe walikuwepo, na ndugu zao wote wa upande wetu, na watu wa upande wenu ambao hawajawahi kuvuka mto huu ila kwa mazishi. Nikajisemea moyoni, Lavonne, tulia, una watu. Bernadine akasoma. Wewe ukainuka ukatoka na mlango ukaufunga taratibu kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Sorensen akauliza kama kuna mwenye neno.

Kimya. Nilimtazama Gus, Gus akatazama viatu vyake. Nilimtazama mkewe, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Watu niliowapelekea supu, niliowazalishia ng'ombe wao kwenye dhoruba, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Kinsler akanitazama sana. Nami nikamtazama. Sorensen akauliza mara ya pili. Kisha akasema basi lifungwe mwisho wa mwezi ujao, akainua mkono, na Kinsler akainua wa kwake polepole.

Mkono wa tatu ulikuwa koridoni unatazama picha.

Orval ndiye aliyeendesha. Tulipofika darajani alipunguza mwendo, akavuka kama mtu anayebeba mayai. Nyumbani akaenda moja kwa moja zizini, akakaa huko mpaka nikamfuata.

Usinijibu.

L.

•

Mjini Corliss,
11 Aprili 1964

Dada,

Nakujibu. Ukasirike mara moja kwa yote.

Mlango ule ni mwembamba, nasikia kila kitu. Nilisikia Sorensen akiuliza. Nikasikia kimya. Nikajua unavuta pumzi tu, sasa utaanza. Akauliza tena, nami niko nje nimeshika kitasa, nasema moyoni, sema, Lavonne, sema. Kisha nikasikia rungu la Sorensen likigonga meza. Mbona hukusema?

Kinsler alitoka amesawijika. Akaniuliza, "Arlo, dada yako ndivyo alivyotaka?" Nikamwambia amerukwa na akili. Akasema, "Alikuwa amekaa mbele yangu na kofia nzuri, amenikazia macho, hakusema neno. Nikaona ameridhika, anataka tu yaishe."

Nikamfuata Gus kwenye gari lake. Gus anasema alikuwa amejiandaa, alikuwa hata na maneno yameandikwa kwenye kiganja. Lakini daraja ni lenu, linaitwa kwa Tietjen, angewezaje kusimama kabla yako? Ingekuwa sawa na kuingia jikoni kwako na kufunua sufuria. Alikungoja uanze. Mkewe alikuwa anamngoja Gus. Wote walikuwa wanangojana. Watu arobaini na zaidi, Dada, kila mmoja na neno lake mdomoni, na uungwana ukawaziba kinywa.

La Sorensen ndilo litakalokuchoma. Bernadine alimuuliza waziwazi wakati wa kahawa. Unakumbuka ile karamu ya kanisa, baada ya wawindaji wa mjini kuvuka daraja na kukuachia mageti wazi ng'ombe wakatawanyika? Ulisema mbele ya mkewe kwamba bora daraja lile lianguke upumzike. Mama Sorensen akampelekea mumewe neno lile kama lilivyo. Basi mzee akaona anakutendea wema. Hakutaka uje kujidhalilisha kuomba lifungwe, kwa hiyo akalifunga yeye ili lawama iwe yake. Nimecheka, nimekasirika, na tangu jana bado sijui nishike lipi.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai, na sisi wa kaunti hii tunauficha mpaka tunapotea. Sheria inaruhusu jambo lirudishwe mezani kama wenye ardhi kumi wataweka sahihi kabla ya wiki ya kwanza ya Mei kwisha. Mimi siwezi kuibeba karatasi hiyo wala kuigusa. Bernadine ameiweka tayari dirishani kwake na ametia wino kalamu, ingawa hakuna aliyemwambia.

Arlo

•

Ng'ambo ya Mto Wren,
2 Mei 1964

Mdogo wangu,

Nilikaa siku nyingi bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu ikiniingia mimi huwa nafua mapazia. Yote sasa ni meupe.

Orval ndiye aliyenitoa. Aliniambia tukiwa mezani, bila ukali, kwamba ana hamu ya kufia kitandani kwake, na kama kufia hapo kunategemea mkewe kugonga milango kumi, anaona si bei kubwa. Halafu akaendelea kula mayai. Nikavaa koti.

Nilichukua karatasi kwa Bernadine, nikaanzia kwa Gus. Nilikaa, nikapewa pai, tukazungumza mvua. Arlo, nilitaka kuondoka bila kusema. Nilikuwa nimeshashika glovu. Nikapiga moyo konde nikaitoa ile karatasi, nikaiweka kando ya sahani. Gus hakusoma hata mstari. Alitia sahihi akasema, "Nilidhani huji." Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na aproni machoni. Kisha Gus akapanda gari lake akanifuata nyuma nyumba hadi nyumba, bila kusema kwa nini. Kila nilikotoka nilimkuta ameegesha barabarani. Mtu yule nilimtukana mwezi mzima.

Sahihi kumi zilitimia kabla ya chakula cha mchana. Watu waliendelea kunizuia njiani waongeze za kwao.

Nilikwenda na kwa Sorensen. Diwani hatii sahihi, najua, lakini niliona si haki mzee asikie kwa mtu mwingine. Alifungua mlango mwenyewe, akavua kofia ndani ya nyumba yake. Nikamwambia nilikuwa nawalaani wawindaji, sikuwa nalilaani daraja. Alikaa chini kabla mimi sijakaa. Akasema, "Mama Tietjen, usiku ule nililala vizuri, nikijua nimekuondolea mzigo." Hakuniomba msamaha mara mbili, hapa hatufanyi hivyo, lakini alinisindikiza mpaka kwenye gari akanishikia mlango. Namheshimu mzee yule kuliko nilivyopata kumheshimu. Kosa lake lilikuwa la wema mtupu.

Tutakuja tarehe kumi na tatu. Nenda koridoni kwako, sasa nimeelewa.

Lavonne

•

Mjini Corliss,
14 Mei 1964

Dada Lavonne,

Jana ulikuwa umezungukwa na watu, sikuweza hata kukushika mkono. Kwa hiyo nakuandikia nilichosikia, kwa sababu wewe ulikuwa ndani unasema na huenda hukujisikia.

Nilikuwa nimesimama chini ya picha ya Baba. Sorensen akauliza kama kuna mwenye neno. Kiti kikakwaruza sakafu kabla hajamaliza kuuliza. Kisha nikasikia sauti yako, nyembamba mwanzoni.

Ulisema, "Mimi ni Lavonne Tietjen. Mnanijua, na nawajua. Mwezi uliopita nilikaa hapa nikawaacha mkisie, na mlikisia vibaya, na kosa ni langu. Mume wangu hatapona. Anataka kumalizia nyumbani, nami nataka nyinyi muweze kufika kwake. Kwa hilo nalihitaji lile daraja."

Basi. Ukakaa. Mimi huku nje nilifuta macho kwa tai, na Delmar, aliyekuwa anasubiri na ripoti yake ya nguzo, akajifanya anasoma tangazo la leseni za mbwa. Tangazo lenyewe la mwaka juzi.

Kilichofuata ulikiona, lakini acha nikirudie, nakipenda. Gus akasimama. Akafuata mkewe. Kisha kila mtu, hata yule Hollis ambaye daraja lenu likifungwa dukani kwake kutajaa wateja, akasimama akasema litengenezwe. Sorensen aliwaacha wote waseme. Halafu akasema kokoto zilizopangwa kwenda kwenye barabara ya nyumbani kwake mwaka huu zisiende, fedha hizo zinunue magogo ya nguzo. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kusoma ajenda. Kinsler alikuwa ameshainua mkono hata kabla ya kuombwa.

Delmar anasema magogo yatapatikana lakini mbao za juu ni zilezile. Gari moja kwa wakati mmoja, na lisikimbie. Ameshachora kibao. Ndiye mtu wetu wa greda, mchimba makaburi wetu, dereva wa gari la wagonjwa, na sasa mchoraji. Ukimuuliza kazi yake ni nini anasema anasaidiasaidia tu.

Nilizaliwa hapa na nitazikwa hapa, na jana kupitia mlango uliofungwa ndipo nilipojua sababu.

Ndugu yako anayejivunia wewe,
Arlo

•

Mjini Corliss,
25 Januari 1965

Dada wangu mpenzi,

Sikupata nafasi ya kukaa nawe siku tulipomzika Orval, kwa sababu Delmar alikuwa kaburini kwenye kilima na ilibidi mtu asimame darajani. Natumaini hukuona nimekutupa. Daktari Lind aliniambia alifika kwake kwa wakati usiku ule wa mwisho, na kwamba Orval aliondoka ameshika mkono wako, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo kama alivyotaka asikie ng'ombe. Nimemshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa neno la pili. Mimi na Irma wangu tumekiandaa chumba cha juu. Tumekipaka rangi. Kina jiko, na dirisha lake linatazama uwanja, si ukuta wa mtu. Majira ya baridi bado marefu, na wewe uko peke yako huko na ng'ombe na theluji. Kila mtu hapa anadhani utauza wakati wa masika. Hakuna atakayekuona mnyonge. Njoo, Dada.

Arlo

•

Ng'ambo ya Mto Wren,
1 Februari 1965

Mdogo wangu Arlo,

Nilikuona. Nilikaa dirishani pa Orval nikakuona saa zote zile, umesimama kwenye theluji na ile skafu mbaya ya Irma, unapunga mkono, gari moja lije, moja lingoje. Mchungaji alitaka kuanza saa tano. Nikamwambia hatuanzi mpaka wa mwisho avuke. Akaangalia nje akaona mstari wa magari ng'ambo ile, umepanda kilima ukapotelea upande wa pili, na hakuna aliyepiga honi. Walizima injini kuokoa mafuta wakakaa kwenye baridi wakingoja zamu zao. Wengine sikuwajua. Kuna mzee alikuja kutoka mwisho kabisa wa kaunti, kule karibu na reli, akanishika mkono akasema hakumjua Orval vizuri, ila aliwahi kununua kwake fahali mwaka fulani na fahali alikuwa kama alivyoambiwa. Alisubiri kwenye baridi yote ile kuja kuniambia hilo.

Nilikuwa nadhani tunaishi peke yetu huku, Arlo. Miaka yote hiyo nilikuwa najisifu kwa hilo.

Chumba chenu ni kizuri, namjua Irma, hata mapazia yatakuwa yamepigwa pasi. Asanteni. Siji. Ng'ombe sitawauza wakati wa masika. Gus atanisaidia kuzalisha, na mimi nitamsaidia wa kwake. Sorensen ametuma nyasi kavu lori zima, gari moja kwa wakati mmoja, hata salamu hakuandika. Nimekaa mahali pangu, na watu wanafika.

Ila kuna jambo moja. Kabati la Orval bado limejaa. Nimelifungua mara tatu, nikashika koti lake la kazi, nikalifunga tena. Najifanya nina shughuli, mapazia nimeyafua mpaka yamechanika. Mchana naweza kila kitu, hili siwezi.

Njoo Alhamisi, barabara itakuwa wazi. Uje peke yako, usimwambie mtu, ukae nami tuzitoe nguo zake. Peke yangu siwezi.

Nakuomba.

Lavonne